Sura ya Tisa: Dozi ya Kugawana

Daktari Sangwa hakuwa mtu wa kukaribisha watu viti. Alimwonyesha Mutoni ukuta, na ukutani palikuwa na ramani ya Kigali aliyoipaka rangi mwenyewe kwa penseli za watoto, kata kwa kata.

"Umepata chai?" Mutoni aliuliza.

"Afande, chai baadaye. Iko mgonjwa."

Mutoni aliijua ramani ile vizuri kuliko alivyopenda. Miezi miwili iliyopita daktari huyu mwembamba alifika nayo idara ya upelelezi, akaitandaza mezani pa Mutoni na kulalamika mpaka akapewa jalada. Rangi nyekundu ilionyesha mahali ambapo bakteria hawaogopi tena dawa. Tarakimu za wino zilikuwa maboksi ya antibiotiki yaliyouzwa na maduka ya dawa kila mwezi. Panapomezwa nyingi, usugu unakuwa mwingi. Ndivyo inavyotegemewa, na kata nyingi zilifuata kanuni hiyo bila ubishi. Biryogo ndiyo ilikataa. Kule ziliuzwa nusu ya zile za Sonatubes, ila wekundu wake ulikuwa mara tatu.

Wote wawili walishuku dawa bandia. Mutoni alikusanya sampuli thelathini na moja, akazipeleka maabara, na maabara ikamrudishia jibu la kumkera mpelelezi yeyote: zote halali.

"Alida Iteka," Sangwa alisema. "Miaka ishirini na sita. Amejifungua kwa upasuaji Jumamosi iliyopita. Mtoto mzima, mama ana maambukizi kwenye damu. Tunampa sindano ya seftriaksoni siku ya tatu leo, na homa haishuki hata chembe."

"Anakaa wapi?"

"Sonatubes! Kwa ramani hii, sindano ingefanya kazi. Anakaa Sonatubes, lakini anaumwa kama mtu wa Biryogo." Alivua miwani. "Iko dawa ya akiba. Inakaa kwenye kabati ya kufunga, na kamati inatoa tu kama iko sababu. Mume anasema bibi yake hajawahi kumeza antibiotiki. Majibu ya maabara ni Jumamosi."

Ilikuwa Alhamisi.

"Na yeye hawezi kusubiri Jumamosi," Mutoni alisema.

"Kamati inakaa saa nane. Nitafutie alimeza nini, Afande. Jina lake. Usiniletee kidonge ya njano, kidonge ya nyeupe. Jina."

Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro robo.

* * *

Duka la dawa lililokuwa karibu zaidi na nyumba ya Alida lilitazamana na kijiwe cha pikipiki cha Sonatubes, na mwenye duka, Benon, alilazimika kupaza sauti kila taa za barabarani zilipowaka kijani. Alikulia Mbarara, akarudi Kigali akiwa mtu mzima, na alijivunia daftari lake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

"Hapa mimi sitoi antibiotiki bila karatasi ya muganga," alisema. "Angalia mwenyewe. Iteka Alida. Dawa ya damu, dawa ya damu, tena dawa ya damu. Vitamini ya mimba. Basi."

Mutoni alipitia kurasa za miezi tisa mstari kwa mstari, kidole kikimtangulia. Daftari lilikuwa safi. Alitamani lingekuwa na uchafu kidogo.

"Mume wake unamjua?"

"Rodney? Tulisoma pamoja Mbarara. Mtu ya kanisa kabisa." Benon aliinama juu ya kaunta. "Lakini iko kazi kule Masoro, kwa ghala ya chakula ya kuku. Na sijui kama unajua, Afande, kuku siku hizi inameza antibiotiki kuliko watu."

Hapo Mutoni alisikia lile joto dogo la kifuani linalomjia kila njia inapofunguka. Unga wa dawa ya kuku, mfukoni mwa mume, mpaka jikoni. Aliwahi kumkamata mtu kwa kitu kama hicho. Alimpigia Rodney simu, akamwambia wakutane nyumbani kwake sasa hivi.

Rodney alifika na pikipiki kutoka hospitali, shati limekunjamana, macho mekundu. Alikuwa na umri kama wa mkewe, mrefu, na alijibu maswali amesimama mlangoni kama mgeni wa nyumba yake.

"Ghala lenu lina dawa za kuku?"

"Iko. Lakini ile chumba mimi sina funguo. Mimi nahesabu gunia tu. Uliza bosi." Alitoa simu, akamwekea mkononi. "Piga, Afande. Mimi nitaiba dawa ya kuku nipe mke yangu? Mke yangu mwenyewe?"

Mutoni alipiga. Msimamizi wa ghala alithibitisha: funguo ni mbili, moja anayo yeye, nyingine anayo daktari wa mifugo. Njia ile ilijifunga pale pale.

"Nisamehe," alisema. "Nitapekua nyumba yako."

"Pekua yote."

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, imefagiliwa. Alianza jikoni, kisha bafuni, kisha chini ya godoro, kwa mpangilio ule ule wa miaka kumi na tisa kazini. Cha maana alikikuta mwisho, chini kabisa ya sanduku la nguo za mtoto mchanga: bahasha ya karatasi, na ndani yake vipande vya pakiti za vidonge, vitupu, vyote vimeminywa. Alivihesabu. Ishirini na saba.

Rodney alikaa kitandani bila kukusudia. "Hii ni nini?"

"Mkeo alimeza."

"Hapana. Hapana, mimi ningejua."

Mutoni alivitandaza juu ya shuka, akavipeleka dirishani kimoja kimoja. Jina la dawa halikuwepo. Kila kipande kilikuwa na vidonge viwili au vitatu tu, na mkasi ulikuwa umepita palepale penye maandishi. Kilichosalia ni mkia wa tarehe. Mtu aliyekata hakuwa anaficha, alikuwa anagawa. Na kingo zake zilikuwa na meno, pembe ndogo ndogo zilizofuatana sawasawa kwa urefu wote.

Mkasi wa meno ni wa mafundi. Wanakatia kitambaa ili nyuzi zisifumuke. Mama yake Mutoni alikuwa nao kule Karagwe, mweusi, mzito, na ole wake mtoto angeukatia karatasi.

Kisha akanusa. Chini ya harufu ya sabuni ya mtoto kulikuwa na nyingine, kali, ya samaki wadogo waliokaushwa.

"Nani anapika ndagala humu ndani?"

"Alida. Anasema ananunua sokoni. Mimi ile harufu siwezi, lakini yeye amekulia Bujumbura." Rodney alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Kila Ijumaa iko ndagala."

"Mama mkwe wako anafanya kazi gani, Rodney?"

Rodney alianza kurudisha nguo za mtoto sandukuni.

"Anashona," alisema. "Biryogo. Lakini hatuongei. Alitaka binti yake afunge ndoa kwa Wakatoliki, sisi tukafunga kwa kanisa yangu. Hakuja. Mwaka na miezi miwili sasa, Alida hajakanyaga kwake, na yeye hajakanyaga hapa."

"Anajua binti yake yuko hospitali?"

"Nilitaka kupiga simu. Kila siku nasema kesho homa itashuka, nitapiga na habari nzuri."

Saa tano na dakika ishirini. Mutoni alivitia vipande vile kwenye mfuko wa ushahidi, akatoka mbio.

* * *

Jambo hilo la mama fundi mmoja kugawa vidonge lingetosha kueleza hali ya Alida. Halikutosha kueleza kata nzima. Mutoni alikuwa analiwaza hilo alipokuwa anapenya vichochoro vya Biryogo kwa miguu, akiulizia kwa Illuminée, mama yake Alida, na jambo likamshangaza: kila mwanamke aliyemuuliza alimtazama kwanza usoni, kisha akasema, "Unaumwa nini?"

Kibanda kilikuwa kati ya mgahawa na duka la vitenge. Illuminée alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, rozari shingoni, futi ya kupimia juu ya rozari. Alikuwa anashona kofia ya mtoto mchanga. Alipoona kitambulisho cha Mutoni aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza.

"Mimi siuzi dawa, Afande. Uliza bamama bote hapa. Sijauza hata moja."

"Sijasema unauza, Mama. Nimekuja kuuliza."

"Sina dawa."

Alisema hivyo huku jicho likimtoroka kwenda kwenye rafu. Mutoni alinyoosha mkono akashusha kopo la maziwa ya unga, kubwa, la zamani. Ndani yake mlikuwa na vifurushi vya vidonge vilivyofungwa kwa uzi wa kushonea: uzi mwekundu, uzi wa bluu, uzi mweupe. Juu yake ulilala mkasi wa meno. Harufu ya gundi, ya karatasi ya dawa na ya kitambaa kipya ikampanda puani, na kwa pigo moja Mutoni akatamani mama yake awepo. Akatamani hasa, kwa uchungu, kama mtoto. Mama alikuwa akifunga kapseli kwenye pindo la kitenge miaka ile ya ukimbizi. Mbili za Mutoni, mbili za mtoto wa jirani, mbili za kesho. Miaka mitatu tangu azikwe, na hakuna aliyewahi tena kumwekea Mutoni kitu cha kesho.

Akalishika kopo kwa mikono miwili.

"Nieleze kopo hili."

"Ni ya kikundi," Illuminée alisema kwa sauti ya chini. "Tuko ishirini na mbili. Wengine wana ikimina ya pesa, wanachangia na kupeana kwa zamu; sisi hatuna pesa, tuna ikimina ya dawa. Mmoja akiandikiwa dawa na muganga, anakunywa siku mbili, tatu. Akisikia nafuu, anaacha. Ile inabaki analeta hapa. Mwenzake akiumwa, mimi namkatia." Aliinua kidevu. "Ni vibaya kusaidiana? Kule tumetoka, mtoto alikufa na dawa iko kwa nyumba ya pili, kwa sababu nyumba ya pili hawakujua. Hapa tunajua."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Mutoni alisimama na kopo mikononi, miezi miwili ya kazi ikijipanga yenyewe. Boksi moja, cheti kimoja, mstari mmoja safi kwenye daftari la duka. Halafu boksi hilo hilo linapita kwenye matumbo manne, kila tumbo likipata dawa ya kuwaamsha bakteria na si ya kuwamaliza. Sangwa alihesabu maboksi, na yeye Mutoni akawinda bandia, na wakati wote dawa ilikuwa halali na wema wenyewe ulikuwa wa kweli.

"Hizi nyuzi ni za nini?"

"Nyekundu ni ya tumbo. Bluu ni ya kifua. Nyeupe ni ya wamama." Kisha macho ya Illuminée yakawa makali. "Afande, nani amenichongea?"

"Hakuna. Kila Ijumaa unampelekea Alida ndagala."

Uso wa yule mama ulifunguka wazi kiasi kwamba Mutoni aliona haya kuutazama.

"Amekwambia? Amekwambia anapata? Mimi natuma na motari, mtu wa pikipiki, motari anasema amepokea, lakini yeye hasemi neno. Natuma ndagala. Natuma kofia. Motari akaniambia iko mimba, na ilivyofika miezi minne nikaanza kumtumia na dawa, imkinge, kwa sababu mimi mwenyewe siko karibu ya kumkinga." Aliinua ile kofia. "Hii ni ya wiki kesho. Bado wiki mbili azae, nimehesabu."

Mutoni alikuwa amepeleka habari mbaya kwenye milango mingi, na bado hakuwa amejifunza namna nzuri.

"Mama, Alida amejifungua Jumamosi."

"Hapana. Wangeniambia."

"Ni msichana. Mtoto hajambo. Alida ndiye ana homa kali, ya damu, na sindano hazimshiki. Ili daktari ampe dawa nyingine lazima ajue ni nini ulikuwa unamtumia. Leo, kabla ya saa nane. Nataka jina, Mama."

Illuminée hakulia. Aliinuka, akashika cherehani.

"Majina mimi siyajui," alisema. "Najua uzi. Ni nyeupe. Kila Ijumaa nyeupe, na mara moja moja bluu."

Mutoni alimwaga kopo juu ya meza ya kukatia. Walianza kutafuta wote wawili, vichwa vikikaribia kugongana. Kifurushi cheupe cha kwanza kilikuwa kimekatwakatwa, hakina jina. Cha pili hivyo hivyo. Vidole vya Illuminée vilifungua mafundo kwa kasi ya mtu aliyeyafunga. Kwenye kifurushi cha nne ilikuwamo pakiti moja nzima, haijaguswa na mkasi.

Mutoni aliigeuza akasoma. Akatafuta ya bluu, akaipata kwenye kifurushi cha pili. Kabla ya kupiga simu alitoa kimoja cha vipande vya nyumbani kwa Alida, akakilaza juu ya pakiti nzima ya uzi mweupe, tarehe juu ya tarehe, shimo juu ya shimo. Vilikaa sawasawa. Aliporudia kwa ya bluu, navyo vikakaa.

"Sefiksimu," Mutoni alisema mara Sangwa alipopokea simu. "Nyingine siprofloksasini. Kila Ijumaa tangu mwezi wa nne wa mimba, vidonge viwili vitatu. Nina vipande, nina pakiti, nina aliyekata."

Upande wa pili kukasikika penseli ikikwaruza karatasi.

"Muganga?"

"Sefiksimu ni ndugu wa hii sindano yangu," daktari alisema polepole. "Bakteria imeshazoea ukoo mzima. Na ile nyingine ndiyo nilikuwa nataka kujaribu jioni." Alipumua. "Tungempa maji tu. Andika, saini, nitumie picha. Naenda kugonga mlango ya kamati."

"Na ramani yako, Muganga. Inahesabu maboksi. Haihesabu midomo."

Lakini simu ilikuwa imekatika. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Illuminée alikuwa amesimama katikati ya kibanda, futi bado shingoni.

"Ni mimi," alisema. "Ni ile dawa yangu."

Mutoni angeweza kumwambia si yeye. Lingekuwa neno la huruma, na lingekuwa uongo.

"Ni ile dawa," alisema. "Nitachukua kopo, Mama, na kesho tutakaa na wenzako wote ishirini na mbili. Leo funga kibanda. Twende."

* * *

Dawa ya akiba iliingia mshipani mwa Alida saa nane na robo. Rodney alipomwona mama mkwe wake mlangoni mwa wodi alisimama, kisha akasukuma kiti chake karibu na kitanda na kumwachia. Mwaka na miezi miwili ya kununiana iliishia hapo, kwenye kiti cha plastiki. Illuminée alikaa. Hakumgusa binti yake. Aliweka mkono kwenye shuka, kando ya mkono wa Alida, kama mtu anayeogopa kuharibu tena.

Saa kumi na moja Sangwa alipita, akatazama kipimajoto mara mbili. Kutoka arobaini na nusu kilikuwa kimeshuka mpaka thelathini na tisa nukta moja.

"Usinishukuru," alimwambia Mutoni kabla hajasema chochote. "Mpaka kesho asubuhi sisemi kitu. Lakini imeshuka."

Mutoni alibaki kwa sababu fomu yake ilikuwa na pengo. Jina la dawa, limeandikwa. Chanzo, kimeandikwa. Muda, umeandikwa. Mstari wa mwisho uliuliza mgonjwa alikuwa anatibu nini. Hakuna aliyeweza kuujibu. Daftari la Benon halikuonyesha ugonjwa wowote, wala mume hakuukumbuka.

Alida alifumbua macho muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili. Alimtazama mumewe, akamtazama mgeni mwenye kalamu, kisha akageuza kichwa upande wa pili na kukiacha huko.

"Mama," alisema.

"Ni mimi. Mimi ndiye nilikuletea hii, mtoto yangu. Nilidhani nakukinga. Nilidhani—"

"Dada Alida," Mutoni alisema kwa upole, maana kazi ni kazi, "vile vidonge vya Ijumaa. Ulikuwa unaumwa nini, ukavimeza?"

Alida alikusanya pumzi. Alipojibu hakumjibu Mutoni.

"Sikuwa naumwa, Mama. Hata siku moja. Ndagala nilikuwa nakula siku moja zinaisha, na vikofia ni vya mtoto. Vidonge ndiyo ilikuwa kitu yangu mimi, imetoka kwa mkono yako. Nilikuwa nakukumbuka, basi nameza."

Illuminée aliinamisha uso kwenye shuka akalia kwa sauti, na mkono wa Alida, wenye mrija, ukapanda taratibu mpaka ukafika kichwani kwake. Rodney alitoka kwenda kumleta mtoto. Mutoni aliutazama ule mstari wa mwisho wa fomu kwa muda, akaandika kile alichoambiwa, neno kwa neno, kisha akatia saini.